Hamsini na Nane Juu ya Mia Moja Ishirini na Tano

Nimefundisha hesabu Zombo miaka kumi na minne, kwa hiyo majibu ya damu yangu yalipoingia kwenye simu sikungoja daktari anisomee. Altrasaundi ilikuwa imeonyesha uvimbe kwenye kifuko changu cha mayai, na damu ilichukuliwa kutafuta alama za saratani. Majibu yalisema: CA-125: 58. Kawaida: chini ya 35. Nikachukua chaki, nikakokotoa kwenye mlango wa jiko. Hamsini na nane juu ya mia moja ishirini na tano, mara mia: asilimia arobaini na sita nukta nne. Nilikuwa na saratani karibu nusu.

Nililia, sifichi. Kisha nikampigia Upendo, dada wa mume wangu, anayeishi Mikumi. Kesho yake asubuhi alishuka kwenye bodaboda, akafungua kabati langu hata hajanisalimia.

"Unakufa nusu, siyo?" alisema. "Basi nusu ya vitenge ni vyangu."

"Wifi, naumwa."

"Ndiyo maana nachagua mapema. Ukishakufa tutakuwa wengi."

Akaondoka na vitenge sita, kile cha bluu cha harusi yangu kikiwa juu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilikasirika hivi kwamba siku nzima nilisahau kuogopa.

Jumatatu nikaenda hospitali Kilosa na hesabu yangu kwenye daftari. Daktari Lupakisyo aliisoma hadi mwisho, akaweka kalamu mezani taratibu.

"Mwalimu, mia moja ishirini na tano ni jina tu la kitu tunachopima. Kama Darasa la Sita. Huwezi kugawanya kwa sita."

Nikafunga daftari. Wanafunzi wangu wangefurahi sana.

"Damu ilipotolewa, ulikuwa kwenye siku zako?"

"Siku ya pili."

"Hiyo tu inaweza kuipandisha namba. Hata uvimbe usio na ubaya huipandisha. Na huu wako una maji matupu, ukuta wake mwembamba. Namba peke yake haisemi saratani ipo, wala haisemi haipo. Baada ya wiki sita turudie damu na picha, usiwe kwenye siku zako."

Wiki hizo sita nilizihesabu moja moja, na hofu haikunitoka. Majibu yakaja: ishirini na moja, na uvimbe umesinyaa. Nikapanda basi moja kwa moja hadi Mikumi.

Upendo aliisoma karatasi. "Ishirini na moja juu ya mia moja ishirini na tano. Umefeli, mwalimu."

"Nimefeli. Nipe vitenge vyangu."

Akavitoa vyote sita, vimekunjwa vilevile nilivyovikunja mimi, hakuna hata kimoja kilichovaliwa. Akanitupia kile cha bluu usoni, akanipa mgongo.

"Nilijua ulivyo mchoyo, wifi," alisema. "Usingekubali kufa vitenge vyako viko kwangu."