Siku Walipomvua Papa Nguo

Msiniambie nitulie! Nimetulia miaka yote ya upapa wa ndugu yangu, nimekaa huku Viterbo nikimchemshia supu ya dengu, maana vyakula vya wapishi wake vilimshinda. Ninyi mnamjua kwa lile jina la Kilatini walilompa. Mimi namjua kwa jina la Neri, mtoto wa mchunga kondoo, niliyemfuta makamasi kwa pindo la gauni langu.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi tangu utotoni, na upapa ukamzidishia. Wakubwa wa Roma walimfukuza tukakimbilia huku, naye akawatenga na Kanisa, ukoo mzima, hata vikongwe. Mji mmoja ulipokataa amri yake, akafunga makanisa yote ya mji huo, watu wakazika watoto wao bila padri wala kengele. Nilimwambia wazi mezani, "Neri, watoto wale walikukosea nini?" Akasukuma bakuli, akaondoka bila kula. Majira yote ya baridi yakapita ndipo akafungua.

Basi Januari hii kifua kikambana. Desturi ya huku mnaijua: papa akikata roho, vilivyomo chumbani mwake ni vya watumishi. Godoro, mapazia, vinara, hadi shati la mwilini. Uchafu mtupu, na wao wanauita haki yao! Kwa hiyo mimi sikubanduka kitandani kwake. Nilitaka kitu kimoja tu, ndugu yangu afe amefunikwa kama mtu.

Asubuhi ile moto ulikuwa unazimika, nikatoka kidogo kuchukua makaa. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia kengele ya msiba inapigwa. Nilirudi mbio. Chumba kilikuwa kitupu, na Oddone, mkuu wa watumishi wa chumbani, alikuwa anakunja pazia la mwisho. Ndugu yangu amelala juu ya mbao tupu za kitanda. Uchi, jamani! Mzee wa watu, uchi, na vile vimiguu vyake vyembamba. Na kifua kinapanda na kushuka.

"Yu hai!" nikapiga kelele. "Oddone, mtu yu hai huyu!"

"Amekwisha, mama. Kengele imeshapigwa."

"Anayepumua ni kengele au ni yeye? Njoo uweke mkono hapa!"

Hakusogea. Alikuwa ameshaona, mwanaharamu yule. Alikuwa ameona hata kabla yangu.

"Sikiliza, mama," akasema taratibu, kama anayebembeleza mtoto. "Ukisema yu hai, sisi ni wezi, na mwizi wa papa ananyongwa. Akiwa amekufa, tumechukua haki yetu. Unataka sote tunyongwe kwa ajili ya mtu ambaye jioni haioni?"

"Nataka blanketi!"

"Blanketi limeshatoka langoni."

Nikamtemea mate usoni. Akajifuta na pazia la ndugu yangu, akatoka zake, nikasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Nilipiga ule mlango mpaka viganja vikachubuka. Ng'o! Hakuna aliyekuja.

Nikarudi kitandani nikivua joho langu la sufu. Neri akafumbua macho.

"Dada," akasema, "usiwalaani."

"Nitawalaani wao na vizazi vyao! Mlango huu ukifunguliwa tu, nakwenda kwa makardinali kuwataja mmoja mmoja!"

"Hata mimi nilichukua."

Pumzi ikamkatika, nikangoja. Ujanani alikuwa mtumishi wa chumbani kwa papa mmoja wa zamani, kabla hata hajawa padri.

"Blanketi jekundu," akasema. "Lile nililomletea mama."

Lo! Mama alilitandika sikukuu tu, majirani wakaja kulipapasa, na yeye mwenyewe alifia ndani yake.

"Haya, ulichukua kwa maiti," nikamwambia. "Ndiyo desturi yenu."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa ananitazama, dada."

Mikono yangu ikakwama na lile joho. Haki ya Mungu, nilitaka kulivaa tena nimwache vilevile alivyo.

"Mshenzi wewe," nikamwambia. "Mshenzi, Neri! Mtoto wa mama yangu kabisa!"

Meno yake yalikuwa yanagongana. Nikamfunika mabega, miguu ikabaki nje. Nikavuta nifunike miguu, mabega yakatoka. Joho lilikuwa fupi. Nikapanda juu ya mbao zile, nikamkumbatia pale palipobaki wazi, nikaendelea kumtukana sikioni mpaka mwili ukapoa mikononi mwangu.