Filamu ya Mwisho ya Phineas

Maji ya mfereji hapa Voi mchana huwa ya moto. Waweza kumwogesha mtoto mchanga bila kuwasha jiko. Ndiyo maana mimi, Rashid, miaka kumi na tisa ya studio, husafisha filamu alfajiri tu, kwa maji yaliyolala mtungini. Maji ya moto huibambua picha ikatoka kwenye filamu. Phineas nilimfundisha hilo kabla hata hajashika kamera.

Mwanafunzi huyo alinipita. Meli ya watafiti ilimwajiri Mombasa, na usiku wakawa wanamshusha katikati ya bahari kuu, kamera imefungwa kamba, yeye akiogelea kando yake, apige picha za viumbe wanaopanda kutoka kilindini. Aliniandikia kwamba wengine miili yao ni kioo, unaona hadi chakula tumboni. "Mwalimu, kila usiku naogopa," aliandika, "lakini nikiwaona nasahau." Februari 1974 wenzake walivuta kamba, ikaja kamera peke yake.

Mama yake, Priscilla, alishuka mchana kutoka Wundanyi na filamu iliyotolewa ndani ya kamera hiyo, ameifunga kwenye leso. Akaketi kwenye stuli ya wateja.

"Njoo kesho asubuhi, mama," nikamwambia. "Itakuwa tayari."

"Sina kaburi, Rashid. Uso yake naijua. Nataka kuona hiyo kitu alienda kuona. Nione leo, halafu nirudi nyumbani."

Mtungi ulikuwa mtupu. Ningemwambia angoje, lakini nilimtazama alivyoketi, mkoba magotini, nikashindwa. Nikaingia chumba cha giza, nikafungua mfereji, nikajidanganya kwamba nikifanya haraka picha zitashika.

Nilipofungua mkebe wa dawa, filamu ilikuwa tupu. Picha zote zilikuwa zimebambuka, zimelala chini kama utando wa maziwa. Nililia mle ndani, mtu mzima na mvi zangu.

Nilipotoka aliichukua filamu, akaiinua dirishani, akaipitisha yote mbele ya macho. "Hakuna kitu," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikajisikia nikimwambia, "Taa ya kamera haikuwaka, mama."

Akaikunja polepole ndani ya leso.

"Kumbe alikufa bure," akasema. Kisha akanishukuru kwa kazi yangu, akatoka kutafuta gari la Wundanyi.