Pamba Puani

Daktari wa usingizi alikuwa ameamka na moyo mweupe siku hiyo, na angebaki nao kama watu wangemwacha. Lakini kazi yake ni kulaza watoto kabla ya upasuaji, na kila mtoto huja na vituko vya kwao. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka mitatu, aliyeletwa kuondolewa mafindofindo na nyama za puani. Nyama hizo zilimbana mtoto usingizini akawa anakoroma, kisha anakata pumzi, kimya kabisa, mpaka mama yake amtikise ndipo avute hewa tena. Mama huyo hakuwa ameuona usingizi wa maana tangu mtoto aanze kutembea.

Mtoto alilazwa mezani huku amekumbatia ndala moja ambayo alikataa katakata kuiachia. Daktari akamwekea barakoa ya oksijeni usoni, bado bila dawa. Wenzake humcheka kwa tabia hiyo: hamlazi mtoto yeyote kabla ya kumtazama kwanza anavyopumua, kama mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kupakua. Wacheke tu. Mtoto mdogo akishalala, akiba yake ya hewa ni kiduchu, na ikimwishia anabadilika rangi kabla hujamaliza kusema "jamani".

Mfuko wa kupumulia ulikuwa ukicheza kwa shida. Akamfunga mdomo kidogo kwa kidole, mtoto akafurukuta. Puani haukupita upepo hata wa kutikisa uzi. Akachukua tochi, akachungulia, akaona pamba. Ilikuwa imesokotwa vizuri na kusukumwa ndani, tundu zote mbili.

"Sista, njoo uone maajabu," alimwambia muuguzi, akaivuta kwa koleo. Nyuma yake yakafuata makamasi ya kutosha darasa zima.

Daktari wa upasuaji, ambaye wodi nzima humwita Bwana Fasta, alikuwa ameshavaa glavu. "Si umeitoa? Mlaze basi, dada, tuna foleni."

"Ningemlaza nayo, ikavutwa mpaka kwenye koo la hewa, ungeniambia nini? Fasta?"

Daktari wa usingizi akatoka. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka kwenye nywele. Watu wanaulizwa vizuri, mtoto ana mafua? Wanajibu hana, macho makavu, kumbe wamemziba pua kama chupa.

Mama alikuwa amesimama korido, begi kifuani. Alipoiona pamba mkononi mwa daktari, akainamisha uso.

"Mama, unajua ungemuua mtoto wako?"

"Hilo la kufa nalijua, daktari. Kila usiku anakufa mikononi mwangu, namrudisha."

"Basi kwa nini hukusema ana mafua? Mtoto mwenye mafua koo lake lina ukorofi, likiguswa linajifunga. Ndiyo maana tunaahirisha."

"Mmeniahirisha mara tatu." Mama hakulia wala hakupaza sauti. "Mafua, arudi akipona. Mafua, arudi akipona. Mojawapo ulinirudisha wewe mwenyewe. Sasa niambie, huyu amewahi kupona mafua lini? Hayo mafua ndiyo yaliyonileta."

Daktari akaanza maswali upya. Akauliza homa: hakuna. Kikohozi: hakuna. Leo hali imezidi? "Sawa na jana, sawa na mwaka jana." Akarudi ndani, akasikiliza kifua cha mtoto mbele na nyuma, kilikuwa safi. Nyama zilikuwa zikiziba pua, pua inachuruzika, na wao wanasubiri pua ikauke ndipo wazitoe nyama. Alijichukia, akawachukia na wenzake, na zaidi kilimkera kwamba mama huyo, aliyefuatwa kugombezwa, ndiye mwenye haki.

"Tunaendelea," alimwambia mama alipotoka tena. "Lakini sikufichi. Wakati wa kuamka koo linaweza kujifunga. Nitajiandaa, ila siwezi kukuapia."

"Na nikiondoka naye leo?"

"Utaendelea kumtikisa kila usiku," daktari alisema. Mama akaitikia kwa kichwa, akamwambia aende akamlaze.

Alimwita mwenzake mmoja asimame kando, akaiweka tayari mashine ya kunyonya makamasi, akavuta dawa ya dharura kwenye sindano kabisa. Bwana Fasta alihema kwa nguvu kama anayecheleweshwa harusi. Upasuaji wenyewe ulienda vizuri. Ila mpira wa kupumulia ulipotolewa kooni, mtoto akakaza shingo. Kifua kikavutika ndani, tumbo likapanda, na hewa haikuingia hata tone. Mlio wa mashine inayopima oksijeni ya damu ukaanza kushuka. Daktari akamwinua taya, akaikandamiza barakoa, akaubana mfuko bila pupa. "Vuta, mwanangu," alisema. "Usiniletee ujeuri." Alikuwa ameshamwambia mwenzake achome sindano ndipo koo lilipoachia, hewa ikaingia kwa mlio mbaya, na mtoto akalia. Hakuna aliyelalamikia kelele hizo.

Kwenye chumba cha kuamkia, mama aliingizwa, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja kifuani mwa mtoto.

"Toa mkono, mama."

"Nalinda pumzi."

"Leo nalinda mimi. Ndiyo kazi yangu. Kaa hapo."

Mama akakaa shingo upande, akaanza kueleza namna ya kumtikisa, kwamba usianzie mguuni, anzia begani, na maelezo hayakufika mwisho. Kichwa kilikuwa kimeangukia ukingo wa godoro.

Bwana Fasta akachungulia mlangoni. Mtoto alikuwa macho, akimvuta mama yake nywele.

"Si ameamka salama? Wa pili yuko mezani, twende."

"Mtafute mwenzangu amwanze," daktari alisema kwa sauti ya chini, akautoa mkono wa mtoto kwenye nywele na kuushika yeye. "Mtoto ameamka. Huyu mwingine ndio kwanza amelala."