Matone Mawili Shingoni

Kwa wiki tatu mpiga pasi alijikuna shingo mpaka wateja wakawa wanapokea nguo zao kwa ncha za vidole. Dukani kila mtu akageuka daktari. Mwenye duka alisema ni joto la pasi. Mama mdogo wake, aliyekuwa akifua hapohapo uani, alikata shauri kwamba ni upele, akahamisha kikombe chake cha chai.

Muuguzi wa zahanati yeye hakukurupuka. Alimsogeza dirishani, akamwinua kidevu.

"Nyumbani kuna mwingine anayejikuna? Usiku unazidi?"

"Hapana."

"Basi upele tuuweke kando. Choa nacho huchora duara, hapa silioni. Vipele vya joto vingekujaa mpaka mgongoni. Wewe vimekaa sehemu mbili tu, chini ya masikio. Unapaka nini hapa?"

Mpiga pasi akaona haya. Tangu mama yake azikwe, kila asubuhi alijipaka manukato ya marehemu, tone huku na tone kule, ili aende naye kazini.

"Ndiyo hayo. Ngozi yako imeyakataa. Yasikuguse tena."

Angeambiwa aache chumvi, angekubali bila neno. Alirudi dukani na tyubu yake ya dawa, machozi yakimlengalenga, akamweleza mama mdogo. Sauti ya mama ilishaanza kumpotea, alisema, na uso anauona kwenye picha tu. Harufu ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mama mdogo aliacha kufua, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko.

"Dada yangu naye yalimwasha hivyohivyo, mwanangu. Shingoni hakuyapaka hata siku moja. Alikuwa anayadondoshea kwenye pindo la gauni, huku chini."

"Mbona mimi nakumbuka akinikumbatia ananukia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unamkumbatia. Magotini. Ulikuwa umefika hapo tu."

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alidondosha matone mawili kwenye pindo la gauni lake mwenyewe la kazini, lililokuwa limetundikwa mlangoni. Akasubiri yakauke. Kisha akapiga magoti, akalikumbatia lile gauni na kuvuta pumzi, na mama yake akamjia mzimamzima, na sauti yake, akimwambia amwachie miguu, wanachelewa.