Mbegu Juu ya Mafiga

...na hii ya sita nayo inakoroma tu, krrr, krrr, kama mtu asiyetaka kuamshwa, disketi tano zimeshakataa, zimelala hapo mezani zinanuka moshi ingawa Mihayo alizifuta moja moja kwa shati lake, ameinama mbele ya kioo cha kompyuta hata kupumua anaogopa, masimulizi ya wazee arobaini, miaka miwili ya kuchapa kwa vidole viwili, madaftari yameliwa na mchwa, kompyuta ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, wazee wenyewe karibu wote wamezikwa, imebaki hii... “Kaka Mihayo, nifunge madirisha? Mvua hiyo,” ni Dorcas wa kaunta, naye anaguna mm, hajui amekubali nini... nakala ya pili ikae mbali na ya kwanza, ndivyo walivyofundishwa kwenye semina, na maktaba haina hata kabati linalofungika, akaona Buswelu kwa mama panatosha, akampelekea zote sita ndani ya kopo la biskuti, mama, hizi ni mbegu zangu, nitunzie, mjuaji mkubwa, akadhani ameeleza, na mama akazitoa, mbegu gani hukaa kwenye kopo, akazifunga kitambaa akazitundika juu ya mafiga pamoja na mahindi ya mbegu, moshi uzikinge na wadudu, ndiko alikozikuta juzi baada ya matanga, na Mungu amsamehe, alimkasirikia mama yake kaburi halijakauka, akasema kwa sauti, peke yake jikoni, umeniua, mama... lakini kila mvua za kwanza si alikuwa akiuliza, “Mihayo, baba, na zako hupandi mwaka huu?” naye anacheka, anakuja kuwasimulia kazini wanacheka wote, na mama anatikisa kichwa, “Mbegu usipoipanda inakufa, hata uitundike wapi,” ... inakufa, ndiyo, kila msimu uishushe, uipande, uvune mpya, utundike mpya, angezileta mjini kila mwaka akazifungua, akanakili kwenye disketi nyingine, semina nzima hakuna aliyemwambia hivyo, mama alimwambia, miaka mitatu mfululizo, si moshi basi, au si moshi peke yake, ni yeye aliyecheka, nisamehe mama... madirisha yanagonga, Dorcas anafunga la mwisho, matone makubwa juu ya bati, mvua za kwanza hizo, taa ndogo ya kompyuta bado inawaka, krrr, krrr, na mwaka huu Buswelu hakuna wa kumwuliza.