Ndoo Nne Nyuma ya Ghala

Homa ilimshika Shangazi siku tano, ikamrudishia kila kitu isipokuwa pua. Miguu ilirudi, sauti ilirudi, hata ule ukali wake wa kuwatoa watu jasho ulirudi. Lakini asubuhi ya kwanza alipoinamia kikombe cha chai ya tangawizi hakusikia harufu yoyote, na alipokunywa aliona ni maji ya moto tu. Akadhani mkwewe amesahau tangawizi, akamsema vibaya. Mkwe, ambaye maneno yalimwisha tangu mumewe aende kutafuta kazi akapotelea huko huko, alichukua kijiko akamwonyesha vipande vya tangawizi vilivyolala chini ya kikombe.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuwachekesha majirani. Kwa Shangazi lilikuwa msiba, maana pua ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kila asubuhi gari la ghala la msaada alikofanya kazi lilizunguka supamaketi mbili, duka la mikate na hoteli moja kubwa, likikusanya chakula ambacho kingetupwa: mikate ya jana, maziwa yanayokaribia tarehe, mboga zilizosinyaa, nyama na michuzi iliyobaki kwenye karamu za wenye nazo. Zamani vyote hivyo vilikwenda shimoni, na watu walilala njaa hatua mia tatu kutoka shimo hilo. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeiona aibu hiyo kabla ya wengine. Akagonga milango ya wenye maduka mpaka wakachoka naye wakakubali. Sasa ikifika saa sita mchana watu zaidi ya mia walipanga foleni, kila mmoja akaondoka na chochote. Ilikuwa kazi njema, asije mtu akadhani vinginevyo.

Ila chakula cha kuokoa kina mambo yake. Tarehe ya kwenye pakiti haisemi kila kitu, na sufuria ya mchuzi haina tarehe. Hapo ndipo alipohitajika Shangazi. Alikuwa amepika miaka thelathini katika shule ya bweni, na hapo ghalani alisimama kwenye meza ndefu ya bati, akafunua, akanusa, akasema neno moja kati ya mawili: "Kipite," au, "Nguruwe." Cha nguruwe kilitiwa kwenye ndoo, kikawekwa nyuma ya ghala, na jioni mfugaji alikuja kukichukua kwa mkokoteni. Ni wachache waliobisha. Wenye kubisha Mwalimu aliwanyamazisha kwa kauli moja: "Mwenye njaa hanusi, anatamani. Mwachieni Shangazi." Katika miaka minne hakuna aliyeumwa hata tumbo. Watu walimtania kwamba huyu mama akikusogelea ananusa mpaka uongo wako.

Wafanyakazi wa meza hawakuwa na mshahara. Walipewa fungu, kapu moja kila siku, na kapu hilo ndilo lililomlisha mkwe na wajukuu wawili. Shangazi angesema hasikii harufu, mwingine angesimama mezani, na kapu lingemfuata huyo mwingine. Na asingekuwa na wa kumlaumu. Basi akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alikuwa akiwaambia wengine methali hiyo miaka yote. Lakini methali haijazi sufuria.

Tena hakutaka kumuua mtu. Kwa hiyo kila kilichompa shaka alikipeleka kwa nguruwe. Maziwa, nguruwe. Kuku wa hotelini, nguruwe. Aliinama kwa mbwembwe zile zile, akavuta pumzi, akakunja uso, huku ndani yake hamna kitu. Mkate na vitunguu vilipita kwa sababu jicho na kidole vilitosha. Wiki ya kwanza chakula kilianza kuisha kabla ya watu kuisha. Wiki ya pili watu ishirini walirudi mikono mitupu, wiki ya tatu arobaini. Mwalimu alidhani hoteli imeanza kuwaletea makombo mabovu, akaenda kugombana nao bure. Mfugaji aliongeza mkokoteni wa pili. Nguruwe wake, alisema, hawajawahi kunona hivyo.

Mkiani mwa foleni daima alikuwepo Fundi, mwashi mzee aliyeanguka kutoka jukwaani zamani akabaki na mguu mmoja mfupi. Mkewe hakuinuka kitandani. Fundi hakuweza kutoka nyumbani kabla hajamwosha na kumgeuza, ndiyo maana alichelewa. Zamani kuchelewa hakukuwa na neno, kilikuwepo cha wa mwisho. Sasa Shangazi alimwona akifika mezani, akiangalia bati tupu, akiukunja mfuko wake mara nne na kuurudisha mfukoni. Afadhali angetukana.

Halafu, Alhamisi moja, Fundi akamjia anatabasamu.

"Dada, ahsante."

"Ahsante ya nini, na juzi nimekuona unaondoka mtupu?"

"Aa, Shangazi bwana! Unataka nitangaze?" Akapunguza sauti. "Juzi nilishindwa. Nikasema nitamwambia nini mgonjwa leo. Nikazunguka huko nyuma, nikafunua ndoo ya nguruwe. Kuku, dada! Nikasema liwalo na liwe. Tumekula, tumelala, tumeamka wazima. Jana vile vile. Sasa mke wangu ndiye aliyeng'amua. Akaniambia, yule mama hawezi kukosea siku mbili mfululizo. Akisema nguruwe na kitu ni kizima, ana maana yake. Anatuwekea sisi wa mwisho."

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Nani mwingine anajua?"

"Wale wa mkiani tu. Mama Mapacha na wengine sita, saba. Usiwe na wasiwasi. Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Fundi, nisikilize. Msile vile vitu. Ni vibovu."

"Vibovu, ndiyo." Fundi akamkonyeza. "Vibovu kabisa!" Akaenda zake akichechemea, anacheka peke yake.

Hapo ndipo alipotakiwa kumkimbilia, amshike shati, amweleze. Hakufanya hivyo. Na kilichomzuia hakikuwa woga peke yake. Alikuwa amefarijika. Kumbe alichokitupa kilikuwa kizima, kumbe hakikupotea, kumbe Fundi na mkewe walikuwa wanakula kuku. Aibu ya wiki tatu ilimpungua kifuani akajiona mwepesi. Kuanzia siku hiyo, alipozitoa ndoo za nguruwe nyuma ya ghala, alizifunika kwa vifuniko vyake barabara, nzi wasiingie.

Jumatatu, Dereva alishusha ndoo nne za mchuzi wa nyama, akazipanga mbele yake.

"Shangazi, nisamehe. Jumamosi gari lilizimika nikaliacha gereji, na ndoo mbili zilibaki humo ndani. Jua lote la jana limezipiga. Hizi mbili nyingine nimepewa hotelini asubuhi hii. Sasa wakati wa kupakia nimezichanganya, sijui zipi ni zipi." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Wewe utazijua tu." Akaondoka anapiga mluzi. Hakungoja hata jibu, kama mtu aliyemwomba mwenzake amtofautishie chumvi na sukari.

Shangazi alifunua zote nne. Rangi moja, mafuta yale yale juu, povu lile lile la kutikiswa na barabara. Akainama kwenye ya kwanza, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Hakuna. Ya pili, hakuna. Akachovya kidole alipoona hakuna anayemtazama, akalamba: chumvi na ukali wa nyanya, ndoo zote nne. Mbili zilikuwa chakula cha watu arobaini, na mbili zilikuwa sumu.

"Nguruwe," alisema.

"Zipi?" aliuliza Mwalimu.

"Zote."

"Zote nne, Shangazi?" Mwalimu aliongea kama mtu anayeomba. "Nyama yote hiyo?"

"Nimeshasema."

Ndoo zikabebwa, zikapelekwa nyuma. Alijiambia atawaonya Fundi na wenzake wakifika mezani, kabla hawajazunguka huko. Shangazi alishika kisu akaanza kukata mikate, vipande vyembamba kuliko vya jana, ili vifike mbali. Foleni ilisogea. Alikata, akatoa, akakata, na alipoinua macho kuangalia bado watu wangapi aliona foleni ni fupi. Mkiani hapakuwa na Fundi. Mama Mapacha hakuwepo. Wale wote wa mwisho, waliokuwa wakichelewa kila siku, leo hawakupanga foleni kabisa.

Kisu kilimdondoka.

Aliwakuta wamechuchumaa nyuma ya ghala, watu wanane, kila mmoja na sufuria au bakuli. Hawakusukumana. Fundi alikuwa anagawa kwa kopo, anapima sawa kwa sawa kama alivyokuwa akiwapimia vibarua wake zege, na kila ndoo ilikuwa imeshachotwa. Mama Mapacha alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mapajani.

"Wekeni chini!" Shangazi alipiga kelele. "Kibovu hicho!"

Walicheka, tena kwa upole, kicheko cha watu wa nyumba moja. "Tumesikia, Shangazi," mmoja alisema. "Kibovu kabisa."

"Jamani, mimi sisikii harufu! Wiki ya nne sasa. Homa imeniua pua. Nilikuwa natupa kwa sababu sijui, si kwa sababu nawawekea!"

Mama Mapacha alijipiga paja. "Hasikii harufu, yeye! Jamani huyu mama atatuua kwa vituko." Kisha akageukia wenzake. "Msicheke sana, Mwalimu atasikia."

"Haki ya Mungu nawaambia!"

"Na sisi tunakuambia tumeelewa," Fundi alisema. Shangazi alishika sufuria yake akaivuta, Fundi naye hakuiachia. "Dada, usifanye hivyo. Mgonjwa ananisubiri."

Miaka minne alikuwa amewajengea imani hiyo, kipande kwa kipande, na sasa hakuwa na neno la kuibomoa. Aliwaona wanainuka, wanafunika masufuria yao, wanajiandaa kwenda kwa watoto na wagonjwa wao. Akakimbilia jikoni. Karibu na majiko kulikuwa na dumu la mafuta ya taa. Alilibeba kwa mikono miwili, akatoka nalo, akamwaga. Alimwaga kwenye ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha kwenye bakuli la huyu na sufuria ya yule, mikononi mwao, huku wakipiga mayowe. Mtu alimpiga mgongoni. Mama Mapacha alilia kwa sauti, "Unatuua! Shangazi, unatuua!" Fundi peke yake hakuikinga sufuria yake. Alisimama tu, akaangalia mafuta yakiingia.

Kisha harufu ikapanda. Wote walirudi nyuma, wamejiziba pua kwa mikono na kwa nguo, mapacha wakakohoa. Shangazi alikuwa amepiga magoti, uso umeinamia ndoo, anahema kwa mdomo wazi. Akajifuta machozi kwa viganja vilivyolowa mafuta. Hakukunja uso. Hakukohoa.

Walimtazama, na kelele zikaisha.

"Ni kweli," mtu alisema. "Hasikii."

Mama Mapacha alikuwa wa kwanza kulifikisha jambo mwisho wake. "Kwa hiyo zile siku tulizorudi mikono mitupu. Yale maziwa. Ile nyama. Vyote vilikuwa..."

"Nadhani vilikuwa vizima," Shangazi alisema. "Vingi vyake."

"Na nguruwe ndio waliokula."

Shangazi alitamani wampige tena, na hakuna aliyempiga.

Fundi alisogea kwa shida, mguu wake mfupi ukimwangusha upande, akasimama juu ya zile ndoo.

"Na hizi?"

"Mbili nzima, kaka. Mbili mbovu."

"Zipi nzima?"

"Sijui."

Fundi alizitazama moja moja, zote zikiwa na rangi ile ile ya mafuta juu. Kisha akaimwaga sufuria yake chini, akaifuta ndani kwa upande wa shati, akainusa, akaifuta tena. Akaenda nayo kujipanga mbele ya ghala. Huko mikate ilikuwa imekwisha.