Nyapara Ndani ya Kikapu

Mvua ilinyesha Kimulot, kule juu msituni, lakini mto ulijaa huku chini kwenye mashamba ya chai. Ndivyo ulivyo mto ule: huku jua linawaka na wanawake wanachuma chai, kule juu msitu unamwaga maji, na kufumba na kufumbua pale ulipovuka maji yakikufika magotini pananguruma.

Kepher, kibarua wa shamba la chai, alikuwa amelisema hilo ofisini kwa wakubwa mara mbili. Mara ya kwanza mkewe Jerusa alikuwa hai. Mara ya pili alikuwa ametoka kumzika, maana gogo la kuvukia lilikwenda na maji naye yuko juu yake. Wakubwa wakampa pole, wakaahidi daraja. Walicholeta ni mashua kuukuu ya mbao. Na msimamizi wake akawekwa nani? Si Kepher, aliyezaliwa ziwani na kushika kasia kabla ya kung'oka meno ya utoto. Akawekwa nyapara Omwenga, Mgusii wa milimani ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni ya kuoga, kwa kuwa ana kofia. Mkubwa akiona kofia haoni kichwa.

Siku hiyo, saa tisa, Kepher aliona maji yamegeuka rangi ya udongo na matawi yanapita mbio. Wachumaji sita na Omwenga walikuwa ng'ambo. Hakungoja amri, akavuka. Kurudi kungekuwa mara moja tu. Safari ya pili mto usingeiruhusu.

Akawapa sheria ya ziwani: kila mtu akae chini kabisa, magoti kwa magoti, asiinuke hata nyuki akimwuma. Wanawake wakaketi na vikapu vyao. Omwenga akaingia wa mwisho, akasimama wima akitazama mawingu.

"Nyapara, kaa."

Hakukaa. Na kule mbele msichana Nyanchama naye akainuka, akageuza uso. Mashua ikalala upande, maji yakaingia.

Bosibori, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyeeleza. Nyanchama ameolewa na mwana wa Omwenga, na kwao baba mkwe hakai karibu na mke wa mwanawe wala hawatazamani, sembuse kugusana magoti. Omwenga mwenyewe akasema afadhali abaki, alale mtini. Akainua mguu ashuke.

Kepher alitazama jiwe alilokanyaga alipofika. Lilikuwa limeshazama. Wazo la kumwacha lilimpitia, asiseme uongo, wakubwa wangejifunza. Lakini mto hauli cheo, unakula mtu, na mtu huyu alikuwa na mke anayemngoja nyumbani.

Akanyakua kikapu cha Bosibori, akamwaga majani yote mtoni, akamfunika nacho Omwenga mpaka mabegani.

"Hapa hakuna nyapara tena," akasema. "Hapa kuna kikapu. Kikapu, kaa."

Kikapu kikakaa. Nyanchama akakipa mgongo, naye akaketi.

Kepher hakushindana na maji. Aliyakata mshazari, akayaacha yawachukue kuelekea kwenye kona. Gogo likapita karibu, hakuna aliyetikisika. Sauti ikatoka ndani ya kikapu kuuliza kama wamefika.

"Vikapu haviulizi, baba," akasema Bosibori, na Kepher ikambidi awakataze kucheka, mashua ilikuwa inayumba.

Walipotia nanga kwenye matope, meneja alikuwa amesimama ukingoni. Hakuuliza habari za watu. Aliuliza kwa nini kikapu kimoja hakina majani, na ni nani mjinga aliyeyamwaga.

Kepher akafungua kinywa. Miaka miwili ya maneno ilikuwa imejipanga mle ndani.

"Ni mimi, bwana," kikasema kikapu. Nyanchama alikuwa bado anashuka, kwa hiyo hakikuweza kuvuliwa. "Na kesho mashua aishike Kepher. Mimi sipandi tena kama si yeye."

Meneja alikizunguka kikapu mara mbili asielewe aongee na upande upi. Kepher akaketi kwenye matope akacheka hadi mbavu zikamwuma, na Omwenga, bado gizani, akamuuliza kwa unyenyekevu kama yule mtoto ameshafika mbali.

"Bado," akasema Kepher, ingawa Nyanchama alikuwa ameshapotea kwenye michai. "Kaa kidogo."